Kuhakiki Si Kukisia: Kipimo cha Mapato katika Bima ya Afya ya Kenya

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, kila kaya nchini Kenya hutakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya mapato yake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwajiriwa hesabu ni nyepesi: mchango hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Lakini zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi wamo katika sekta ya juakali, na mama mboga hana hati ya mshahara. Yeye huulizwa nyumba yake imeezekwa kwa nini, anatumia choo cha aina gani, anapikia kuni au gesi, anafuga nini. Majibu huingizwa kwenye programu, nayo hutoa kiwango.

Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu, ingawa ni wa kielektroniki, hauhakiki mapato. Kuhakiki ni kulinganisha kauli ya mtu na kumbukumbu iliyowekwa kwingine. Nchini Marekani, chini ya sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, maelezo ya anayeomba ruzuku ya bima hupitishwa kwenye kituo cha data cha serikali kuu: namba yake ya hifadhi ya jamii hulinganishwa na kumbukumbu za idara husika, mapato yake na rekodi za kodi. Yasipolingana, hupewa siku 90 alete vielelezo, na katika muda huo husaidiwa kwa kauli yake mwenyewe. Mfumo huo si wa kuigwa kwa kila kitu (tovuti yake ilielemewa mara tu ilipofunguliwa Oktoba 2013), lakini angalau una cha kulinganisha.

Kwa mama mboga kumbukumbu hiyo haipo, ndiyo maana paa huulizwa badala ya mfuko. Mvuvi wa Msambweni anaweza kuishi katika nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu yake. Kusi ikichafua bahari, ngalawa hulala ufukweni na nyumba hailiki. Programu imeona ukuta; majira haikuyaona. Vivyo hivyo kwa mfugaji: ng'ombe aliyeandikwa mwezi wa kwanza huenda amekwishakufa kwa ukame kabla ya mchango wa mwaka kulipwa.

Watetezi wa mfumo wana hoja nzito. Bila makadirio kila mtu angejitangaza fukara, na shilingi 500 za NHIF zilimtoza kibarua sawasawa na mwenye duka la jumla. Nakubali, kukadiria hakuepukiki. Nisichokubali ni kisio kuvishwa joho la ukweli. Mchangiaji huona kiwango tu, haoni jibu lipi lilimpandisha. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinampa haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, lakini atapingaje hesabu asiyoijua?

Basi SHA imkabidhi kila mchangiaji majibu yake pamoja na uzito wa kila jibu, neno la mhudumu wa afya wa kijiji anayeijua kaya lihesabiwe kuwa ushahidi, na anayekata rufaa atibiwe kwa kiwango cha shilingi 300 hadi rufaa yake iamuliwe.