Kabla ya 1971: Nani Alivumbua Bodibodi?

Ukiuliza asili ya bodibodi, yaani mchezo wa kuteleza juu ya wimbi ukiwa umelalia ubao mfupi kifudifudi, utatajiwa mtu mmoja na siku moja: Tom Morey, Mmarekani, tarehe 7 Julai 1971, huko Kona katika kisiwa cha Hawaii. Jibu hili lina ukweli wake, ila limeanza hadithi katikati.

Morey alikuwa mhandisi na mtengenezaji wa mbao za kupandia mawimbi. Siku hiyo alichukua bamba la povu la plastiki, akalikata kwa kisu cha umeme, kisha akalilainisha kwa pasi ya moto huku ametandika gazeti juu yake ili povu lisigandie pasi. Akaingia nalo baharini. Lilikuwa jepesi na halikuumiza kama mbao ngumu za wakati ule, hivyo hata mtoto aliweza kulitumia. Akaliita Boogie kwa mapenzi yake ya muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 biashara ilinunuliwa na kampuni ya Kransco, na mwaka 1982 yakafanyika mashindano ya dunia huko Pipeline, kisiwani Oahu.

Sasa turudi nyuma. Kwenye pwani hiyohiyo ya Kona, katika Ghuba ya Kealakekua, Luteni James King wa msafara wa Kapteni Cook aliwaona wenyeji mwaka 1779 wakilala juu ya mbao na kubebwa na mawimbi hadi ufukweni. Karibu miaka 200 kabla ya pasi ya Morey! Na hata katika karne ya 20 vijana wa Waikiki walikuwa na paipo, ubao mfupi wa mti wa kulalia.

Kwa maoni yangu, Morey alivumbua kifaa, hakuvumbua mchezo. Sisi wa Maziwa Makuu tunalijua vizuri tatizo la neno hili. Tulisoma kwamba Speke "aligundua" Ziwa Victoria mwaka 1858, ilhali Waganda walikwisha kuliita Nalubaale na kuvua samaki wake. Anayepewa sifa ni yule mwenye hati, tarehe na soko.

Afrika nayo imo katika historia hii, tena si kwa kudokezwa tu. Katika miaka ya 1830 ofisa wa Kiskoti, James Alexander, alipita Accra, katika Ghana ya leo. Aliandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea kuingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi, kisha wakirudi nchi kavu juu yake. Maelezo hayo ni mafupi sana, yamepachikwa kati ya habari nyingine za safari, na hakutaja jina la hata mmoja wao.