Ufunguzi si Namua

Kiswahili kina neno la mwanzo wa mchezo wa ubaoni, na wacheza bao wa Ghuba ya Chole wanalo mdomoni kama wenzao wa pwani nzima: namua. Ndiyo maana anayeandika habari za sataranji hushawishika kulichukua likiwa zima. Asilichukue.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zile 22 zake zilizobaki ziko ghalani. Kwa mpango huo kete za huyu hazitazamani na za yule, kwa hiyo anayeanza hana cha kula, anatakata tu, yaani anasambaza kete bila kula. Kisha kila zamu huingia kete moja, mpaka ghala liishe. Hapo ndipo mtaji, sehemu ya pili ya mchezo, huanza. Namua, basi, ni sehemu ya mchezo yenye sheria zake, na mwisho wake unahesabika.

Sataranji haina ghala. Majeshi yote yako uwanjani tangu mwanzo, na farasi huruka vilevile mwanzo na mwisho. Ufunguzi wake ni mfuatano wa hatua uliochunguzwa, ukapewa jina, ukakaririwa. Ule wa Kihispania huitwa pia kwa jina la padre Ruy López, aliyeuandika kitabuni mwaka 1561: askari wa mfalme anatoka, farasi anafuata, kisha askofu anamkabili farasi wa mweusi. Mwaka 2000 jijini London, Garry Kasparov aliucheza dhidi ya Vladimir Kramnik, naye akajibu kwa Ulinzi wa Berlin. Kufikia hatua ya nane malkia wote wawili walikuwa wameshatolewa, na mfalme wa Kramnik hakuruhusiwa tena kujificha nyuma ya ngome. Ilionekana hasara kwa Kramnik. Lakini Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15 ya pambano lao, akapoteza ubingwa wa dunia.

Namua haina Uhispania wala Berlin. Tuseme ufunguzi, na wingi wake funguzi. Kocha atakayeshuka Utende, kwenye ghuba hiyohiyo ya Chole, na ubao wa sataranji akaita hatua hizo namua, ajiandae kuulizwa ghala liko wapi.