Utete: waliohamishwa na maji

Wadau, nimerudi kutoka Utete. Wazee wa Rufiji walilima mlau: mto unafurika, maji yanashuka, unapanda kwenye unyevu uliobaki, unalinda shamba ukiwa juu ya dungu. Mafuriko ya 1968 yakaipa serikali sababu. 1969 watu wakahamishiwa nchi ya juu, vijiji vya ujamaa.

Leo maji yanatakiwa tena. Kule delta, Kibiti, mikoko hukatwa kupisha mpunga. Tope lililolowa halina hewa, mizizi huoza polepole mno, kaboni hubaki chini. Likikauka, hewa huingia, kaboni hupaa. Ukirudisha maji ya bahari, uozo hupungua, mikoko huota. Ila mpunga hautaki chumvi! Nani atamwambia mkulima ambaye babu yake alihamishwa kwa sababu ya maji, kwamba sasa ahame ili maji yarudi? Mimi siwezi.