Gari la spoti: paa gumu na paa la kukunja

Gari la spoti la paa gumu na lile la paa la kukunja huweza kuwa gari moja lenye maumbo mawili, na tofauti yao kubwa haionekani kwa macho. Paa la chuma huishika bodi kwa juu na kuizuia isijipinde. Likiondolewa, mtengenezaji hulazimika kuimarisha sakafu na kingo za chini ya milango. Ndiyo maana gari la wazi, ingawa huonekana jepesi, mara nyingi ndilo zito zaidi. Turubai la paa la kukunja nalo huchakaa kwa jua na huchanwa kwa kisu tu.

Afrika Mashariki iliupima vikali uimara wa paa gumu. Datsun 240Z, mrithi wa Datsun Fairlady la wazi, lilitengenezwa kwa paa gumu pekee, likashinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 chini ya Shekhar Mehta. Kwa barabara za udongo na mvua za ikweta, kama za mji wa Opala kwenye mto Lomami nchini Kongo, paa gumu ndilo chaguo la busara.

Hata hivyo, paa gumu nalo laweza kukunjwa: Mazda MX-5, lililozinduliwa 1989 likiwa na turubai, lilipata mwaka 2006 paa gumu linalojikunja kwa mota.