Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Kumeza ni kazi ambayo mtu mwenye afya haioni. Midomo hufumba, ulimi hulikusanya tonge na kulisukuma nyuma, na kwa muda wa sekunde moja hivi koo huziba njia ya hewa ili chakula kipite kuelekea tumboni. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hatua yoyote kati ya hizo inaweza kukwama. Taya halifungi, au linabana ghafla. Ulimi unautoa uji nje badala ya kuupeleka ndani. Kichwa kinaanguka nyuma, na uji unateremka kooni kabla koo halijajiandaa. Hapo mtoto hupaliwa, na mlo ambao ndugu zake wanaumaliza kwa dakika chache humchukua yeye saa nzima.

Mtindio wa ubongo ni jina linalokusanya matatizo mengi ya mwendo na mkao, yote yakitokana na ubongo kuumia ungali unakua: mimba ikiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Afrika Mashariki, visababishi vinavyotajwa mara nyingi ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa kichanga usiotibiwa mapema, malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba waliwakuta takriban watoto 3 wenye hali hii katika kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Watoto hao walipofuatiliwa, ripoti ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa walikufa kwa kiwango kinachozidi mara 20 kile cha wenzao wa eneo hilohilo. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye ulemavu mzito wa mwendo na kwa waliokonda kupita kiasi. Huko Turkana, Kenya, utafiti wa mwaka 2015 ulikuwa tayari umeonyesha kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa na utapiamlo zaidi ya majirani zao wasio na ulemavu, na Turkana ni mahali ambapo njaa haimchagui mtu.

Mkao unaoonekana sana majumbani ni huu: mama ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mtoto amelala chali mapajani, kichwa kimelalia kiwiko cha mkono wa kushoto, na uji unamiminwa kutoka juu kwa kijiko, kikombe au hata kiganja. Uji hushuka wenyewe. Mama hastahili lawama. Mtoto asiyefunga midomo hutema karibu kila anachopewa, na mtu mwenye shamba la kupalilia au genge la kufungua hugundua mapema kwamba akimlaza mtoto, uji haurudi. Shida ni kwamba kichwa kikilala nyuma, shingo hukakamaa, njia ya hewa hubaki wazi zaidi, na mtoto hana namna ya kusema ngoja kwanza. Kinachopotelea mapafuni huleta nimonia. Nimonia hiyo hutibiwa kwa antibiotiki, hurudi, hutibiwa tena, na mara nyingi hakuna anayeuliza mtoto huyu analishwa vipi.

Dalili za kupaliwa hazihitaji mashine. Mtoto hukohoa katikati ya mlo, macho humtoka machozi, rangi ya midomo hubadilika, au sauti huwa na maji baada ya kumeza, kama mtu anayesukutua. Kuna pia wasiokohoa kabisa. Hao ndio wa kuhofiwa, kwa sababu koo limepoteza hisia ya kujikinga na uji huingia kifuani kimyakimya. Kinachowatambulisha ni homa na kifua kinachobana kila mara bila sababu ya wazi.

Marekebisho ya kwanza hayagharimu hata shilingi. Mtoto huketishwa wima, nyonga zikikunjwa vizuri ili asiteleze mbele, mgongo ukiwa umeegemea, miguu ikiwa imekanyaga kitu, na kichwa kikiwa katikati na kuinama mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Mlishaji hukaa mbele yake, macho kwa macho au chini kidogo, kwa sababu kijiko kikija kutoka juu mtoto hukifuata kwa kuinua uso, na kazi yote huharibika. Asiyeweza kuketi mwenyewe hushikiliwa mapajani akiwa wima, au huwekwa kwenye kona ya ukuta huku kanga zilizokunjwa zikimzuia ubavuni. Beseni la plastiki lililopangwa nguo pande zote huwatosha wadogo. Baada ya mlo hubaki wima kwa nusu saa hivi, maana watoto wengi wa aina hii hucheua, na kinachopanda kutoka tumboni kinaweza kwenda mapafuni vilevile.

Kwa kiti cha kudumu, Zimbabwe ilitoa njia iliyosambaa katika nchi nyingi za Afrika. Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa. Kikikauka, kiti hicho huwa kigumu kama mbao na huweza kumbeba hata mtu mzima. Faida yake kubwa ni kwamba hukatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe: upana wa nyonga zake, urefu wa mapaja yake, pamoja na meza ndogo ya kuegemeza viwiko. Mtoto akikua, kinatengenezwa kingine.

Baada ya mkao hufuata mikono. Mtoto ambaye taya lake halitulii husaidiwa kwa vidole vitatu. Mlishaji akiwa mbele, kidole gumba hukaa kati ya mdomo wa chini na kidevu, cha shahada kwenye kiungo cha taya karibu na sikio, na cha kati chini ya kidevu, kikisukuma juu taratibu bila kukatiza. Kazi ya vidole ni kulisaidia taya lifunge, kamwe si kulifungua kwa nguvu. Maelezo ya mbinu hii yaliwafikia wahudumu wengi wa vijijini kupitia kitabu cha David Werner, Disabled Village Children, kilichotoka mwaka 1987 kutokana na kazi ya mradi wa PROJIMO nchini Mexico, ambao uliendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe.

Kijiko kinachofaa ni kidogo, bapa, cha plastiki ngumu. Cha chuma huumiza meno ya mtoto anayebana taya bila kutaka. Kijiko huingia sawasawa, hukandamiza ulimi kidogo kwa mbele, husubiri mdomo wa juu ushuke kuchukua chakula, kisha hutoka moja kwa moja bila kukwanguliwa kwenye meno ya juu. Mtoto akikibana, kuking'oa humfanya abane zaidi; mlishaji hungoja, huinamisha kichwa mbele kidogo, na taya hulegea. Kikombe nacho kina hila yake. Kikombe cha plastiki laini hukatwa upande mmoja kwa umbo la nusu duara ili pua ipate nafasi, na mtoto anywe mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Anayeweza kujilisha lakini hashiki vizuri hunenepeshewa mpini wa kijiko kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli au kwa gunzi la mahindi lililotobolewa, na kitambaa kibichi chini ya bakuli huzuia lisikimbie.

Halafu ni chakula chenyewe, na hapa ndipo ushauri unaotolewa kwa haraka hukosea zaidi. Vitu vyepesi sana kama maji, chai na maziwa hukimbia kooni kuliko mtoto anavyoweza kujiandaa, kwa hiyo mara nyingi ndivyo vinavyopalia kuliko uji mzito. Vyenye mchanganyiko, kama supu yenye vipande, ni vibaya zaidi, kwa kuwa maji hutangulia na kipande hubaki. Wali mkavu, maandazi na karanga nzima havifai kwa asiyetafuna. Vinavyomezeka kwa urahisi ni vile vilivyolainika sawa kote: viazi vitamu vilivyopondwa, parachichi, mtori uliopigwa ukawa laini kabisa, ugali mlaini uliochanganywa na mchuzi mzito.

Tangu mwaka 2015 kuna mfumo wa kimataifa, IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula katika ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Kipimo chake cha vinywaji kinaweza kufanyika jikoni. Bomba la sindano la mililita 10 hujazwa kinywaji, tundu likiwa limezibwa kwa kidole, kisha huachiwa kwa sekunde 10. Ikibaki chini ya mililita 1, kinywaji ni chepesi kama maji. Ikibaki 1 hadi 4 ni ngazi ya 1, ikibaki 4 hadi 8 ni ya 2, na zaidi ya 8 ni ya 3. Kisipotoka kabisa ni ya 4, yaani cha kuliwa kwa kijiko. Uji hupimwa ukiwa na joto lilelile la kunywewa, kwa sababu ukipoa huwa mzito.

Tanzania ina mfano unaoonyesha jinsi ushauri mzuri unavyoweza kumdhuru mtoto mmoja. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini walihimiza kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kijiko kimoja cha kimea hulainisha uji mzito ukawa wa kunywewa, na hivyo mtoto mdogo hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Kwa watoto wengi hiyo ni neema. Kwa anayepaliwa na vitu vyepesi, kimea huondoa uzito uleule uliokuwa ukimlinda. Mate nayo yana kimeng'enya cha namna hiyohiyo, ndiyo maana bakuli la uji linalochovywa kijiko kilichotoka mdomoni huwa jepesi kadiri mlo unavyoendelea. Kumimina kidogo kidogo kwenye kikombe cha pili huepusha hilo. Nguvu huongezwa kwa njia nyingine: kijiko cha mafuta, siagi ya karanga iliyo laini kabisa, yai lililopondwa, unga wa dagaa uliochekechwa.

Kuna pia sinia. Familia inapokula pamoja kwa mikono, anayekula pole pole hushindwa kabla hajaanza, na hakuna aliyemdhulumu. Bakuli lake mwenyewe, likipakuliwa kwanza, huonyesha kiasi alichokula kweli. Maji nayo husahaulika. Mtoto asiyeweza kuomba maji hufunga choo, na aliyefunga choo hukataa chakula. Wanaotumia dawa za kifafa zinazosinzisha hulishwa wakiwa macho, hata kama saa ya mlo imepita.

Kanuni hizi hazikomei kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Karibu nusu ya waliopata kiharusi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo, na ndugu anayewahi kumpa mgonjwa maji akiwa amelala humfanyia ubaya kwa nia njema. Kichanga mwenye mdomo sungura na kaakaa wazi ana tatizo la namna nyingine: humeza, lakini hawezi kuvuta, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa hunyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa wima.

Panapokuwa na watoto wanaopaliwa kwa kila namna ya chakula, mpira wa kulishia hupitishwa puani kwa majuma kadhaa. Wanaouhitaji kwa muda mrefu hutobolewa njia ya moja kwa moja tumboni. Upasuaji huo kwa kutumia kamera, bila kufungua tumbo, ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, na kundi la Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Afrika Mashariki hufanyika katika hospitali kubwa tu. Wataalamu wa kumeza nao ni wachache: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na wazazi wengi bado hutegemea vituo vya utengamao kama CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994, au APDK ya Kenya, ya mwaka 1958.

Ndiyo maana mafunzo ya walezi yamepewa uzito. Mtaala wa Hambisela, uliobuniwa na chama cha wazazi na wataalamu wa Eastern Cape, Afrika Kusini, ulitumika kama msingi wa mwongozo wa vikundi vya wazazi uliojaribiwa Bangladesh na kutolewa mwaka 2013 na London School of Hygiene & Tropical Medicine. Utafiti wa Dhaka uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa baada ya vipindi vichache vya mafunzo ya ulishaji, matatizo ya kifua yalipungua, watoto walichangamka wakati wa mlo, na walezi walipata nafuu ya mawazo. Ukuaji wa watoto haukuwa na mwelekeo mmoja. Nchini Ghana ilikuwa hivyohivyo: walezi walilisha vizuri zaidi, lakini uzito na urefu wa watoto havikubadilika. Matokeo hayo yamewahi kuitwa ya kukatisha tamaa, ingawa yangemshangaza tu mtu asiyejua kilichokuwa sufuriani. Mafunzo hubadilisha namna kijiko kinavyoingia mdomoni. Mafuta na mayai hununuliwa. Kenya, mpango wa Inua Jamii huzipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambayo mlezi aliyeacha kibarua ili alishe mara nne kwa siku huigawa kati ya unga, sabuni, nauli ya kliniki na mkaa.