Sauti iliyonyooshwa na programu

Kijana wetu wa madrasa kanitumia usomaji wake wa Qur'ani kwenye simu. Sauti haitetereki, na nyuma yake wanasikika kama watu wanne. Mwanangu, hawa wengine ni nani? Akacheka: "Ni mimi peke yangu, ustadhi. Ni programu."

Asili yake ni ajabu. Andy Hildebrand, Mmarekani, alikuwa mtu wa kutafuta mafuta: sauti hupelekwa ardhini, mwangwi unaorudi hupigiwa hesabu. Hesabu za namna ile akazitumia kupima sauti ya mwimbaji na kuivuta ilipokosea. Auto-Tune ikatoka 1997. Mwaka uliofuata Cher akaikaza makusudi katika Believe, ikavuma duniani.

Kaswida tuiache leo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, Qur'ani yake ya kurekodiwa ilitoka 1961, kabla ya haya yote. Unachosikia pale ni koo lake na pumzi yake.

Na programu hii hainyooshi makhraj wala haihesabu madda. Hupamba sauti tu, na sikio likishapendezwa haliulizi tena.

Nikamwambia anitumie bila mapambo. Katuma. Ghunna mbili zimekosekana, na mara ya kwanza sikuzisikia, mimi mwalimu wake. Kesho baada ya alasiri tunazikalia, inshaallah.