Mshipa wa moyo unapochipuka mahali pasipofaa: Dalili na tiba kwa watoto

MTOTO mchanga anayetokwa na jasho kichwani, kuhema na kulia kila anaponyonya, hata katika baridi ya asubuhi ya Kericho au Bomet, asidhaniwe kuwa na mafua au msokoto wa tumbo tu. Huenda moyo wake unakosa damu.

Moyo hulishwa na mishipa midogo iitwayo koronari, ambayo huchipuka kwenye aota, mshipa mkuu usambazao damu mwilini. Katika kasoro moja ya kuzaliwa nayo, koronari ya kushoto huchipuka kwenye mshipa uendao mapafuni. Kasoro hii humpata mtoto mmoja kati ya takriban 300,000.

Siku za kwanza mtoto huonekana mzima, kwa kuwa shinikizo la damu katika mshipa wa mapafu lingali juu. Linaposhuka baada ya wiki kadhaa, damu hugeuza njia na msuli wa moyo hukosa lishe. Moyo hutanuka na kudhoofika. Bila tiba, watoto wapatao tisa kati ya kumi hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Hatari ni kwamba dalili hizi hufanana na za nimonia. Eksirei huonyesha moyo uliotanuka, na kipimo cha umeme wa moyo huonyesha msuli uliokosa damu. Kipimo cha eko ndicho huonyesha mshipa unakotokea na damu inakoelekea. Shaka ikisalia, hutumiwa skani ya CT.

Dawa pekee haziponyi. Mashine hushika kazi ya moyo na mapafu huku daktari akiukata mshipa huo na kuushonea kwenye aota. Aghalabu moyo hurejewa na nguvu katika miezi inayofuata.

Kuna pia koronari inayopita kati ya aota na mshipa wa mapafu. Hii huweza kufichika hadi ujanani. Katika eneo hili la wanariadha, kijana anayezirai au kuumwa kifua akikimbia apimwe kabla ya kurudi uwanjani.

Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa mwaka wa 1937, hufanya upasuaji wa moyo. Mzazi ambaye mwanawe ametibiwa nimonia mara kadhaa bila nafuu, wala haongezi uzani, aombe rufaa ya kipimo cha eko mapema.